Pilates, yoga, vyuma au kukimbia? Ulinganisho kwa mwenye mgongo unaolalamika

Kwenye kibanda changu cha kushonea hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, mteja akinikuta nimesimama nyuma ya cherehani nazungusha mabega na kuvuta hewa taratibu, swali huwa moja: "Mama, hiyo si ndiyo yoga?" Nikimjibu kuwa ni Pilates, la pili linafuata palepale: "Sasa mimi nishike ipi, maana mgongo unaniua na kitambi nacho hakishuki?" Maswali haya nimeyajibu vipande vipande, futikamba shingoni na pini mdomoni. Leo nataka niyajibu kwa utulivu. Nalinganisha mazoezi manne: Pilates, yoga, vyuma vya jimu na kukimbia asubuhi. Yote nimeyafanya kwa nyakati tofauti, katika mji huuhuu ulio takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwili wa fundi aliyekaa kwenye stuli miaka 18.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Pilates haimfai kila mtu kuliko mengine yote. Ila ina misingi ambayo mtu akishaishika, hata akirudi jimu au akienda kukimbia, anafanya vizuri zaidi na haumii ovyo. Kwa hiyo sitalinganisha mavazi wala picha za mitandaoni. Nitalinganisha misingi yenyewe: kila zoezi linakutaka upumue vipi, ujikaze wapi, na akili yako iwe wapi wakati mwili unafanya kazi.

Jina lilikotoka

Pilates ni jina la ukoo. Joseph Pilates alizaliwa Mönchengladbach, Ujerumani, mwaka 1883, mtoto dhaifu aliyesumbuliwa na pumu. Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta Uingereza, akawekwa kizuizini kwa kuwa ni Mjerumani. Miaka ya 1920 alihamia New York, akafungua chumba cha mazoezi na mwenzi wake Clara, na wacheza dansi wa jiji hilo wakawa miongoni mwa wateja wake wakubwa. Yeye mwenyewe njia yake aliiita Contrology, akimaanisha elimu ya kuumiliki mwili. Alifariki mwaka 1967.

Misingi sita inayotajwa siku hizi, yaani pumzi, kiini, umakini, udhibiti, usahihi na mtiririko, hakuiorodhesha yeye. Iliwekwa kitabuni mwaka 1980, yeye akiwa kaburini. Nalitaja hilo kwa sababu utakutana na mwalimu mwenye misingi mitano na mwingine mwenye minane. Usifadhaike, wote wanachota kwenye chungu kimoja.

Pumzi, na jaribio la kanga

Chukua kanga moja, ikunje iwe na upana wa kiganja, izungushe mbavuni chini kidogo ya matiti, kisha ushike ncha zake mbele zikiwa zimekaza kiasi. Vuta hewa kwa pua. Kama kanga haikubani pembeni wala mgongoni, na mabega ndiyo yaliyopanda, basi unapumulia shingoni, kama tunavyopumua wengi tunaoinama kutwa. Mara ya kwanza kanga yangu haikutikisika. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyenionyesha jaribio hilo aliniwekea mikono mbavuni akasema, "Dada, nisukume kwa hewa." Sikuweza kumsukuma. Nilirudi nyumbani na kanga yangu, na siku ya nne ndipo mbavu zilipokubali.

Hivyo ndivyo Pilates inavyotaka: hewa iingie kwa pua, itanue mbavu pembeni na nyuma, kisha itoke kwa mdomo pale unapofanya sehemu ngumu ya zoezi. Utaratibu huo una kazi. Unapotoa hewa, misuli ya ndani ya tumbo hukaza kirahisi zaidi, na mgongo unapata ulinzi katika dakika ileile unayouhitaji.

Yoga nayo inaithamini pumzi, pengine kuliko Pilates, lakini kwa namna yake. Kwa kawaida hewa inaingia na kutoka kwa pua, mara nyingi tumbo likiachwa litanuke, na vipo vipindi vizima vya kupumua tu, umekaa, husogezi kiungo. Mtu anayelala huku mawazo yanazunguka mpaka jogoo wa kwanza, huyo namwelekeza kwenye yoga bila kusita.

Kwenye vyuma, kosa ninaloliona sana ni kuziba pumzi tangu chuma kinapoinuka hadi kinaposhuka. Wanaoshindana kunyanyua uzito mkubwa huiziba kwa makusudi, tena wamefundishwa. Mama wa miaka 50 mwenye presha akiwaiga, presha hupanda ghafla. Kukimbia hakukupi hata nafasi ya kuchagua, pumzi inafuata miguu. Mgeni aliyefika jana kutoka Dar es Salaam, mwinuko wa Mbeya utamhemesha mdomo wazi kabla hajafika mbali. Hapo hajakosea chochote, kwani kukimbia kazi yake ndiyo hiyo, kuusukuma moyo na mapafu.

Kiini: kibwebwe cha ndani

Mwanamke yeyote aliyewahi kulima, kutwanga au kuingia ngomani anajua maana ya kujifunga kibwebwe. Unaikaza kanga kiunoni, ndipo kazi inaanza. Chini ya ngozi tunacho kibwebwe kingine. Ni msuli mpana wa tumbo, wa ndani kabisa, unaouzunguka mwili kutoka mgongoni hadi mbele. Juu yake ipo diaframu, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, chini yake ipo misuli ya sakafu ya nyonga inayobeba kibofu na kizazi, na nyuma ipo misuli midogo inayoshikilia pingili za uti wa mgongo. Hicho ndicho kiini, na katika Pilates kila zoezi linaanzia hapo, hata kama kinachosogea ni mkono.

Kukipata si kazi ngumu. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikae chini. Gusa mifupa miwili ya nyonga iliyojitokeza mbele, kisha sogeza vidole kidogo kwa ndani. Toa hewa kwa "sss" ndefu, kama tairi la baiskeli lililotoboka. Kuelekea mwisho wa hewa utahisi kitu kinakaza chini ya vidole, polepole, bila tumbo kuvimba. Ndiyo hicho. Nguvu inayotakiwa ni ndogo kuliko unavyodhani. Wengi hukosea kwa kubana tumbo zima kama wanapita katikati ya watu kwenye daladala, wakabaki wamezuia na pumzi.

Miaka sita iliyopita nilijiunga na jimu moja hapa mjini kwa ajili ya kitambi. Kijana msimamizi alinipa sitapu 60 siku ya kwanza, mikono kisogoni, miguu imekandamizwa na benchi, yeye akihesabu kwa sauti. Nilimaliza. Kesho yake sikuweza kugeuza shingo kumtazama mteja aliyesimama pembeni, na kiuno kiliuma wiki nzima. Sivilaumu vyuma, na jimu zenye wasimamizi makini zipo. Leo naelewa kilichotokea. Miguu ikikandamizwa, sehemu kubwa ya kazi hufanywa na misuli ya mbele ya nyonga, ambayo imeshikana na uti wa mgongo sehemu ya chini. Kibwebwe kikiwa kimelala, kinachovutwa ni mgongo. Shingo nayo niliivuta mwenyewe kwa mikono yangu.

Pilates ina zoezi linalofanana na lile kwa mbali, la kujikunja kutoka kulala hadi kukaa. Umelala chali, miguu na mikono imenyooka, mikono ikielekea juu ya kichwa. Unainua mikono, kidevu kinaingia kidogo, halafu unaubandua mgongo kutoka chini pingili moja moja, kama mtu mwenye subira anavyokunja mkeka: kisogo, shingo, mgongo wa juu, mbavu, kiuno, mwisho nyonga. Kisha unarudi vilevile, unautandika. Mara tano zinatosha. Mahali ambapo mgongo unainuka kipande kizima badala ya pingili kwa pingili, hapo ndipo palipokauka. Kwangu ni chini kidogo ya mkanda wa sidiria, mahali panapowauma mafundi karibu wote ninaowajua. Wiki nyingi sikuweza kuinuka kabisa, nikawa nakunja magoti na kushika mapaja ili nijisaidie. Inaruhusiwa.

Yoga haina kiini kama kitovu cha kila kitu, ingawa mikao yake mingi inakitaka. Mkao wa ubao, ule wa kujishikilia kwa mikono na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka, unakitetemesha kweli. Lakini mtu mwenye viungo vilaini sana anaweza kufika mbali katika kujikunja kwa yoga kwa kulegea tu, kibwebwe hakipo, kisha akashangaa kiuno kinamuuma. Watu wa namna hiyo, wale ambao vidole vyao hujikunja nyuma tangu utotoni, Pilates inawafaa kuliko yoga. Mwenye mwili uliokakamaa kama mimi, yoga humpa kile ambacho Pilates humpa kwa kuchelewa: nafasi ya kukaa ndani ya mkao dakika moja au mbili mpaka misuli ikubali kuachia.

Umakini, udhibiti na usahihi

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, na ndipo ninapopapenda kuliko pengine pote. Jimu unaweza kunyanyua huku unapiga stori. Kukimbia unaweza kukimbia ukipanga bei ya sare za shule. Pilates haikubali. Akili ikitoka tu, bega linapanda, mbavu zinafunguka, nyonga inapinda, na zoezi linageuka kuwa jingine.

Ndiyo maana idadi yake ni ndogo. Mazoezi mengi hufanywa mara tano hadi nane, basi. Ukiweza mara 30 bila shida, aghalabu unalifanya vibaya. Kijana aliyezoea kuhesabu pushapu mia hulidharau jambo hili, mpaka alale chini afanye tano kwa usahihi. Lipo zoezi moja tu maarufu lenye hesabu kubwa, nalo linaitwa Mia. Umelala chali, magoti juu, kichwa kimeinuka, mikono imenyooka pembeni ikipigapiga hewa kwa midundo midogo. Unavuta hewa midundo mitano, unaitoa midundo mitano, mizunguko kumi, jumla 100. Anayeanza aache nyayo chini na kichwa kitulie sakafuni. Julai, alfajiri, chumba kikiwa na baridi ya Mbeya, Mia ndiyo inayonipasha moto kabla sijawasha jiko.

Nikitaka kumweleza mtu udhibiti ni nini, nampa mfano uliopo mbele ya macho yetu. Mtazame mama anayepandisha kilima kutoka bombani, ndoo ya lita 20 kichwani, hajaishika. Kata imekaa sawa utosini. Shingo ndefu, macho mbele, mbavu zimetulia juu ya nyonga, na miguu ndiyo inayotafuta njia kati ya mawe. Maji hayamwagiki. Misingi yote sita imo katika mwendo ule, na hakuna aliyemwambia majina yake. Sisemi kubeba ndoo ni dawa, uzito ni uzito na shingo inazeeka. Nasema umakini ule, ukiupeleka kwenye mkeka bila ndoo, ndiyo Pilates.

Vyuma navyo vinataka usahihi, na atakayekwambia vinginevyo usimkabidhi mgongo wako. Tofauti ni kwamba vyuma vinapimika kwa kilo. Wiki hii umeinua kumi, wiki ijayo kumi na mbili, furaha unaiona. Pilates maendeleo yake yamejificha: zoezi lilelile, mara tano zilezile, lakini sasa bega halipandi. Mtu anayehitaji kuona namba zikipanda ili asikate tamaa, jimu itamtunza vizuri zaidi, nami sitamzuia.

Mtiririko ni msingi mwepesi kuueleza. Zoezi moja linaingia kwenye jingine bila kukurupuka, kama mshono usiokata uzi. Yoga nayo ina aina za kutiririka na aina za kukaa kimya katika mkao mmoja.

Pilates isichokupa

Nitakuwa mkweli hapa, kwa sababu mitandaoni watu wanauziwa ndoto. Pilates ya kwenye mkeka haichomi mafuta kwa kasi. Kitambi kinatokana zaidi na sahani na kukaa, na mazoezi ya kukipunguza ni yale yanayokutoa jasho kwa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za shughuli ya kadiri inayoupandisha moyo, pamoja na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Pilates inaweza kuhesabika kwenye zile siku mbili. Zile dakika 150 lazima uzitafute kwa kutembea haraka, kukimbia, baiskeli au jembe. Na mifupa, hasa ya mwanamke aliyekoma hedhi, inapenda uzito na mtikisiko. Hapo vyuma na kutembea mlimani vinaishinda Pilates.

Na mgongo? Mwaka 2015 mtandao wa watafiti wa Cochrane ulikusanya majaribio 10 yenye watu 510 waliokuwa na maumivu ya kiuno yasiyo na chanzo maalumu. Walikuta Pilates inasaidia kuliko kutofanya kitu au kufanya kidogo sana, lakini hapakuwa na uthibitisho madhubuti kwamba inayashinda mazoezi ya aina nyingine. Nilipoyasikia matokeo hayo yalinifariji. Maana yake ni kwamba mwenye mgongo hahukumiwi kwa kuchagua hili au lile. Zoezi lenye faida ni lile utakaloendelea nalo mwezi wa sita, baridi ikiwa kali.

Nani ashike lipi

Wenzangu mafundi cherehani, makarani, walimu wanaosahihisha madaftari usiku, kaka zangu wa bodaboda wanaoshinda wameinama juu ya usukani: anzeni na Pilates, dakika 20, mara tatu kwa wiki. Tatizo letu ni umbo la kukaa. Mabega yamekuja mbele, mgongo wa juu umekauka, makalio yamelala. Tunahitaji kuamsha kibwebwe na kuunyoosha mgongo kwa nyuma, na mazoezi ya kulala kifudifudi ukiinua kifua yanafanya hivyo vizuri. Kabla ya kuanza, bega langu la kulia lilikuwa juu ya la kushoto kwa upana wa vidole viwili. Nililijua siku niliyojishonea gauni, mkono mmoja ukakataa kukaa.

Mkulima wa viazi kule Uyole au Makete anayelima na kubeba magunia hana upungufu wa nguvu wala jasho. Kumwambia akimbie ni kumwonea. Yeye namshauri yoga ya taratibu jioni, kunyoosha nyonga na nyuma ya mapaja, na katika Pilates achukue msingi mmoja tu: kutoa hewa na kukaza kibwebwe kabla ya kuinua gunia.

Mama aliyejifungua ndiye ninayemwonea huruma zaidi, kwa sababu anaharakishwa kurudisha tumbo. Dada yangu, sitapu na ubao viache kwanza. Kwa wengine misuli ya mbele ya tumbo huwa imeachana katikati wakati wa ujauzito, na kujikunja kwa nguvu kunaweza kuisukuma nje. Pumzi ya mbavu na kukaza sakafu ya nyonga ndiyo mwanzo, na aliyejifungua kwa upasuaji asubiri ruhusa ya kliniki. Mkojo ukiponyoka unapokohoa au kucheka, usione aibu kumwambia mkunga. Jambo hilo lina mazoezi yake, na wengi hupata nafuu.

Kijana mwenye miaka 20 na afya yake, anayetaka kifua na mikono, aende kwenye vyuma. Nina ombi moja tu kwake: mwezi wa kwanza ajifunze kiini na pumzi, ndipo aongeze kilo.

Bibi na babu ambao kulala sakafuni na kuinuka ni shida wafanye mazoezi ya kwenye kiti, kwani misingi yote sita inafanyika umekaa. Mwenye mifupa iliyopungua uimara aepuke kujikunja mbele kwa nguvu, lile zoezi la kujikunja pingili kwa pingili nililolisifu hapo juu si lake. Kutembea kwake ni dawa tosha ya kuanzia.

Wapo waumini wenzangu wanaositasita yoga kwa sababu ya mapokeo ya kiroho ya India ilikotoka. Sitabishana nao, dhamiri ya mtu iheshimiwe. Atakayesita apate kunyoosha viungo kupitia Pilates, haina wimbo wala maneno ya ibada ndani yake.

Ukishachagua Pilates: ya zamani au ya sasa, mkeka au mashine

Ukifungua YouTube utakuta walimu wawili wanaopingana. Mmoja anakuambia ubandike kiuno chote sakafuni. Mwingine anataka kile kijinafasi cha asili chini ya kiuno kibaki, kiasi cha vidole kupita. Wa kwanza anafuata mtindo wa zamani, ulio karibu na mazoezi 34 ambayo Joseph Pilates aliyachapisha mwaka 1945, kwa mpangilio usiobadilika. Wa pili anafuata mtindo wa sasa, uliochanganywa na elimu ya fiziotherapia. Kwa mwenye maumivu nachagua wa sasa, kwa sababu unavunjavunja zoezi gumu kuwa hatua ndogo, na uti wa mgongo unafundishwa kukaa katika umbo litakalotumika umesimama. Wa zamani ni mzuri kwa aliye mzima anayependa mpangilio mmoja kila siku, mwili ukaujua kwa moyo. Usichanganye wote wawili katika wiki za mwanzo, utachanganyikiwa kiuno kikae vipi.

Mashine ni jambo la pili. Ile maarufu inafanana na kitanda chembamba chenye kijukwaa kinachoteleza na springi zinazovuta. Springi hazikazi tu, zinasaidia pia, na ndiyo maana mgonjwa dhaifu anaweza kufanya kwenye mashine zoezi linalomshinda sakafuni. Ni ghali na inakula chumba. Mkeka ni mgumu zaidi kwa sababu hakuna kinachokubeba, lakini upo nyumbani kwako leo. Ningekuwa na fedha ya mashine, ningeitumia kumlipa mtaalamu wa fiziotherapia mara tatu anitazame ninavyofanya. Jicho la mtu mwingine linaona nyonga iliyopinda ambayo wewe unaihisi imenyooka.

Mkeka wenyewe usikutishe. Juu ya sakafu ya saruji tandika mkeka wa kawaida, blanketi nzito iliyokunjwa mara mbili, na kanga juu yake. Godoro ni laini mno, mgongo unazama na hujui pingili ipi imegusa. Vaa soksi, lakini uzivue kwenye mazoezi ya kusimama usije ukateleza.

Kabla ya zoezi lolote kati ya haya manne, zipo dalili zinazotaka hospitali kwanza: maumivu yanayoshuka mguuni pamoja na ganzi au udhaifu, kushindwa kuzuia mkojo au choo ghafla, maumivu yanayokuamsha usiku pamoja na homa au kukonda, au mgongo ulioanza kuuma baada ya kuanguka. Mjamzito aliyevuka miezi minne asilale chali muda mrefu, na amweleze mwalimu hali yake kabla hajatandika mkeka.

Ratiba yangu mwenyewe sasa inachanganya. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ni Pilates, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla maji ya chai hayajachemka. Jumanne na Alhamisi natembea kwa kasi badala ya kupanda bajaji, nikipanda na kushuka. Jumapili baada ya ibada nanyoosha tu, mtindo wa yoga, dakika kumi. Jumamosi tunatoka wanawake wanne kuelekea njia ya mlima Loleza, na dada yangu aliyeolewa Iringa yeye hupanda jiwe la Gangilonga na watoto wake. Nikifika pale njia inapokuwa kali naweka mikono mbavuni, navuta hewa kwa pua mpaka viganja visogee pembeni, ndipo naendelea.